Kuvalisha upya mpini wa raketi ya tenisi na kupunguza mtetemo unaofika mkononi

Mkono ukianza kuuma baada ya mchezo, wengi hukimbilia kununua kile kipira kidogo kinachochomekwa kwenye nyuzi. Pesa hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye mpini. Kiwiko huchoshwa sana na kubana raketi kupita kiasi, na mtu hubana kwa sababu mpini unateleza, haulingani na kiganja chake, au gripu, yaani utepe unaofungwa kwenye mpini, imechakaa hadi ikawa ngumu. Mkono uliokaza hupokea mtetemo mwingi kuliko mkono uliolegea, na ile misuli ya kigasha inayoanzia upande wa nje wa kiwiko haipati nafasi ya kupumzika kati ya pigo na pigo. Kwa hiyo anza na saizi, kisha gripu, ndipo ufikirie nyuzi na vifaa vingine.

Saizi ya mpini

Mpini wa raketi una pande nane, na saizi yake ni mzunguko unaopimwa juu ya gripu ya chini, ile inayobandikwa moja kwa moja kwenye mpini. Watengenezaji hutumia namba au inchi: saizi 1 ni inchi 4⅛ (karibu milimita 105), saizi 2 ni 4¼ (milimita 108), saizi 3 ni 4⅜ (milimita 111) na saizi 4 ni 4½ (milimita 114). Namba hiyo huandikwa kwenye kitako cha mpini au kwenye shingo ya raketi.

Kujipima, nyoosha kiganja cha mkono unaochezea, vidole vikiwa vimekaribiana. Kiganjani kuna mistari mitatu mikubwa. Weka mwanzo wa rula kwenye ule wa katikati, usawa wa kidole cha pete, kisha soma hadi ncha ya kidole hicho. Ukipata milimita 108, saizi 2 ndiyo ya kuanzia. Hakikisha kwa kushika raketi yenyewe kama unayepeana nayo mkono: kidole cha shahada cha mkono wa pili kipenye barabara kati ya ncha za vidole na nyama ya kiganja. Kisipopenya, mpini ni mwembamba kwako. Kikipenya na nafasi ikabaki, ni mnene.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Kuongeza ni rahisi: gripu ya juu moja, ile nyembamba inayofungwa juu ya gripu ya chini, huhesabiwa kuwa nusu ya saizi, na ule mfuko wa plastiki unaonywea kwa joto huongeza saizi nzima. Kupunguza ni taabu, kwa sababu mipini mingi ya kisasa ni povu gumu lililomiminwa juu ya fremu, na ukilipiga msasa unapoteza pande nane. Pande hizo ndizo zinazokuambia uso wa raketi umeelekea wapi bila kutazama. Hii pia ndiyo sababu ya kutorundika gripu tatu juu ya nyingine: mpini unakuwa wa duara, raketi inazunguka mkononi, na unarudi kulekule kwenye kubana.

Kubadilisha gripu ya chini

Gripu ya chini ndiyo mto wenyewe. Nyingi huwa na unene wa milimita 1.5 hadi 2, upana wa milimita 25 hivi na urefu wa karibu sentimita 110. Andaa pia mkasi mkali, koleo dogo, stepla yenye pini za milimita 6, spiriti kidogo, kitambaa na tepu ya umeme.

Kabla ya kubandua ile ya zamani, ipige picha kwa simu ikiwa bado iko kwenye mpini, ili uone imezungushwa kuelekea upande gani. Gripu za kiwandani kwa kawaida huzungushwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Anayecheza kwa kushoto azungushe kinyume, la sivyo vidole vyake vitakuwa vinainua kingo za gripu kila anapopiga.

Sukuma pete ya mpira iliyo juu ya mpini ipande kwenye shingo, toa tepu, kisha bandua gripu polepole kuelekea kitakoni. Ukivuta kwa nguvu, gundi inaweza kung'oa vipande vya povu, na shimo lolote utalihisi hata chini ya gripu mpya. Mwisho wa gripu kule kitakoni mara nyingi umepigiliwa pini. Ing'oe kwa koleo. Futa gundi iliyosalia kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, usimimine, na uache mpini ukauke kabisa. Vibonge vya gundi vikibaki, vitakuwa vinakuchoma kiganja.

Gripu mpya ina ncha moja iliyochongwa kwa mshazari. Hiyo ndiyo inayoanzia kitakoni. Ilaze kwenye upande mmoja bapa wa mpini, ukingo wake ukiwa sawa na ukingo wa kitako, kisha ipigilie pini moja. Hakikisha pini imezama yote. Iliyochomoza itatoboa gripu na kukwaruza mkono. Kama mpini wako hauna sehemu ya kushika pini, tegemea utepe wenye gundi pande mbili.

Mzunguko wa kwanza uwe mzima juu ya kitako, bila kupanda. Kuanzia wa pili, panda kwa mshazari huku ukibandua karatasi ya gundi sentimita chache kwa wakati mmoja. Mkono mmoja uzungushe raketi, mwingine uvute gripu kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Kingo za gripu ya chini zimepunguzwa unene ili zilaliane kwa milimita 1 hadi 2. Ukilaza zaidi ya hapo unapata matuta, na ukiacha nafasi unapata mifereji inayokusanya jasho. Ukiona umekosea, rudi nyuma mizunguko miwili uanze tena, maana gundi nyingi huvumilia kubanduliwa mara moja au mbili.

Mpini wa saizi 2 wenye urefu wa sentimita 18 hula mizunguko saba au nane, yaani chini ya sentimita 90 za gripu, kwa hiyo utabaki na kipande. Kikate kwa mshazari ili mwisho wa gripu uwe sambamba na mstari wa juu wa mpini, funga kwa tepu mizunguko miwili iliyokazwa, kisha shusha pete ya mpira juu yake. Tepu ikilegea hapo, jasho huingia chini na gripu nzima huanza kuteleza ndani kwa ndani.

Gripu ya ngozi hufungwa vivyo hivyo, ila ni nzito na ngumu zaidi. Inakuonyesha pande nane kwa uwazi, na inapitisha mtetemo mwingi zaidi. Mwenye kiwiko kinachouma aiache.

Gripu ya juu

Hii ni nyembamba, nusu milimita hivi, na kazi yake ni kushughulika na jasho. Toa karatasi ya plastiki inayoifunika, anza kitakoni kwa ncha iliyochongwa, ivute kiasi na uilaze juu ya mzunguko uliotangulia kwa milimita 3 hadi 5. Usiifunge juu ya mpini uliobanduliwa gripu ya chini. Utakuwa umeshika povu gumu lenye ngozi ya nusu milimita.

Kuna za aina mbili. Zinazonata hushika vizuri mkono ukiwa mkavu, lakini zikishiba maji huteleza. Zile kavu, zenye uso kama kitambaa, hunyonya jasho na hushika vizuri zaidi zikiwa na unyevu kidogo. Kwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, ambako hewa ina unyevu kabla hata jua halijapanda, chagua kavu na uwe na ya akiba mkobani. Uso ukianza kung'aa au kuchanika pale kidole gumba kinapokaa, ibadilishe.

Gripu ya juu ina gramu 5 au 6. Kwenye raketi ya gramu 300 ambayo ukiilaza juu ya kidole hukaa mizani sentimita 32 kutoka kitakoni, hiyo husogeza mahali hapo pa mizani kuelekea mkononi kwa karibu milimita 4. Ni kidogo, ila mchezaji anayeongeza mbili atahisi kichwa cha raketi kimekuwa chepesi.

Kipira cha kwenye nyuzi kinafanya nini

Mpira ukigonga raketi, vitu viwili hutetema. Nyuzi hutetema haraka, mara 500 hadi 600 kwa sekunde, na hiyo ndiyo ile sauti ya mlio. Fremu hupinda na kurudi polepole zaidi, kwa raketi nyingi kati ya mara 120 na 200 kwa sekunde, na huo ndio mtetemo unaoingia mkononi. Kipira cha gramu 2 au 3 hunyamazisha nyuzi. Fremu, yenye uzito wa zaidi ya mara mia moja, haikitambui.

Jaribu mwenyewe. Shika raketi kwa vidole viwili kwenye ncha kabisa ya kitako, ikining'inia kichwa chini, kisha gonga nyuzi kwa mpira. Gonga karibu na katikati ya uso: vidole havisikii karibu chochote, kwa sababu hapo ni sehemu tulivu ya fremu. Gonga karibu na ncha au karibu na shingo: kitako kinavuma. Sasa chomeka kipira urudie. Sauti imebadilika, uvumaji ni uleule.

Ukipenda sauti nzito, kitumie bila wasiwasi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinaruhusu kikae nje tu ya eneo la nyuzi zinazokatana, kwa kawaida chini ya uzi wa mwisho wa mlalo. Rababendi iliyofungwa fundo hufanya kazi ileile. Andre Agassi, bingwa wa zamani wa tenisi, aliitumia.

Waliopambana na mtetemo na kupinduka kwa raketi kwa mafanikio waliigusa fremu yenyewe. Mhandisi Howard Head alipotoa raketi ya Prince yenye kichwa kipana mwaka 1976, upana huo ulifanya raketi isipinduke kirahisi mpira unapogonga pembeni. Watengenezaji wa raketi ProKennex waliweka punje ndogo ndani ya vyumba vya fremu ili zimeze sehemu ya mtikiso. Ukinunua raketi, uliza ugumu wa fremu, ile namba ya RA: iliyo chini ya 63 hivi ni laini kwa mkono, iliyo karibu na 70 ni ngumu.

Kama huna mpango wa kununua nyingine, nenda kwa fundi wa nyuzi. Poliesta ni ngumu, na hupoteza mnyumbuko kabla haijakatika, kwa hiyo mtu huendelea kuichezea ikiwa imekufa. Weka nyuzi laini za nyuzinyuzi nyingi, au punguza mkazo kwa kilo 1 hadi 2 bila kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye fremu. Mpira utaruka mbali kidogo. Mkono utazoea baada ya michezo michache. Na usiache raketi ndani ya gari lililo juani, kwani joto hulegeza nyuzi na kulainisha gundi uliyoipanga kwa uangalifu kwenye mpini.