Kabla mgonjwa aliyeondolewa titi hajaruhusiwa kurudi nyumbani

"Jikaze" ni neno linalosemwa sana wodini na husaidia kidogo mno. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa saratani hupata uthabiti anapoona kuna jambo analiweza kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ya muuguzi ni kuhakikisha jambo hilo limefanyiwa mazoezi kabla ya siku ya kuondoka.

Anza na mrija wa kutolea majimaji, maana ndio unaotisha wengi. Anawe mikono, afungue kizibo cha puto (kifuko laini cha plastiki mwishoni mwa mrija, kinachovuta majimaji kutoka kidondani), amimine majimaji kwenye kikombe chenye vipimo, aandike mililita na tarehe. Kisha aliminye puto hadi hewa yote itoke na alifunge likiwa bado limeminywa. Wengi hukosea hapo: huliachia kwanza ndipo wafunge. Puto likijaa hewa halivuti tena, na majimaji hutuama chini ya ngozi. Afanye mwenyewe mara mbili, nawe mikono yako iwe mgongoni. (Kama anaondoka na chupa ya kufyonza badala ya puto, fundisha kwa chupa hiyohiyo.) Mwambie kwamba mara nyingi mrija hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24. Tarakimu inayopungua kwenye daftari lake itamtia moyo kuliko hotuba zetu.

Kidonda asikione kwa mara ya kwanza peke yake bafuni. Wakati wa kubadilisha bandeji, mweleze kwanza atakachokiona: mshono mrefu, uvimbe kidogo, michubuko. Halafu muulize kama angependa kutazama, kugusa tu, au kungoja kesho. Jibu lolote ni sawa. Mtajie na ganzi ya upande wa ndani wa mkono, inayotokana na neva za kwapani kuguswa tezi zilipotolewa. Asipoambiwa, huenda akadhani ugonjwa umerudi.

Mazoezi mepesi ya bega na kiwiko, daktari akiruhusu, huanza siku inayofuata upasuaji. Kuinua mkono kupita bega kwa kawaida husubiri siku kadhaa. Bega likikakamaa, tiba ya mionzi huweza kuchelewa, kwa kuwa mgonjwa hulala mkono ukiwa umeinuliwa. Dawa ya maumivu ifuate saa. Anayesubiri maumivu yazidi huacha mazoezi.

Sasa moyo. Muulize: kwa wiki hii, dhiki yako ni ngapi kati ya 0 na 10? Kuanzia 4, kaa chini mzungumze: usingizi, watoto, fedha, mwenza. Huzuni isiyomwachia kwa wiki mbili ipelekwe kwa mtaalamu. Kungoja majibu ya maabara huumiza kuliko tunavyodhani, hivyo mpe tarehe na jina la atakayemsomea.

Andika namba ya simu ya wodi kwa herufi kubwa, na chini yake dalili za kumfanya apige: homa ya 38°C au zaidi, usaha, wekundu unaosambaa, uvimbe wa ghafla, mrija kuchomoka. Kushindwa kupumua au mguu mmoja kuvimba, aende hospitali papo hapo bila kupiga simu kwanza. Karatasi hiyo isome pamoja na ndugu atakayekuwa naye usiku.