Kuwavusha wanafunzi Holili: maandalizi ya safari ya shule kutoka Moshi hadi Mombasa

Mwalimu mmoja wa Arusha amenipigia simu wiki hii. Anataka kupeleka wanafunzi wake Kenya likizo ijayo, na maswali yake yote yalikuwa ya basi na mahali pa kulala. Nikamwambia, ndugu yangu, basi utalipata hata kwa siku tatu. Usichokipata kwa siku tatu ni cheti cha mtoto aliyezaliwa nyumbani kule Rombo, akalelewa na bibi, na baba yake yuko Dar namba haipatikani. Tukaongea mpaka vocha ikaisha. Haya ndiyo niliyomweleza, nimeyapanga kidogo. Mfano wangu ni Moshi hadi Mombasa kwa njia ya mpaka wa Holili, maana ndiyo ninayoijua vizuri. Atakayepita Namanga mambo yake ni yaleyale.

1. Amua mnakwenda kutazama nini

Mimi nafundisha historia, kwa hiyo msinishangae. Safari ya "kwenda kuona bahari" watoto wataifurahia na kuisahau. Lakini ukivuka Taveta tu, upande wa pili kuna kilima cha Salaita, ambako Februari 1916 Wajerumani na askari wao walilirudisha nyuma jeshi la Waingereza na Waafrika Kusini. Mwezi uliofuata Waingereza wakaichukua Moshi yenyewe. Rabai, karibu na Mombasa, ndiko alikotoka mmisionari Rebmann mwaka 1848 alipokuja huku kwetu, akaona theluji juu ya Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Mtoto anayeuona mlima huo kila asubuhi akienda kuchota maji bwenini anastahili kusimama Rabai. Kisha Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Vituo vitatu vinatosha. Wanaopanga vituo vinane huishia kupiga picha za geti.

2. Vibali

Mkuu wa shule, bodi, afisa elimu: hayo mnayajua. Niongeze moja tu. Ukiwa mwalimu wa serikali, ruhusa ya wanafunzi haikuvushi wewe. Mtumishi wa umma anaomba kibali chake cha kusafiri nje ya nchi, na anaomba mapema.

3. Majina

Kabla hujatangaza safari, kabla hata hujalitamka neno Mombasa mbele ya darasa, kusanya vyeti vya kuzaliwa. Ukishatangaza utakuwa unashughulika na watoto waliokwisha kuwaaga majirani.

Chukua kaunta buku na rula. Chora safu hizi: jina kwenye cheti cha kuzaliwa, jina kwenye rejista ya shule, tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti, tarehe kwenye rejista, jina la baba kwenye cheti, jina la baba kwenye kitambulisho chake cha taifa, yaani cha NIDA, kisha mama vivyo hivyo. Nakili herufi kwa herufi. Najua vijana wa kompyuta watataka Excel. Excel itumie kujumlisha michango. Kwenye majina inakutia uvivu: unakopi, unabandika, na kosa linahamia pamoja na jina. Ukiandika kwa mkono, kalamu inasita penyewe penye tofauti.

Tofauti utaziona, na nyingi. Tuseme cheti kinasema Haikaeli Elinami Mushi. Rejista inasema Haikael Elinami. NIDA ya baba inasema Elinaami. Kwa mama yake ni mtu mmoja, kwa afisa anayelinganisha karatasi ni watu watatu. Kuna na wale ambao shuleni jina la tatu ni la babu, kwenye cheti ni la ukoo. Kuna aliyebatizwa darasa la tano akaanza kutumia jina jipya, na jina la cheti halijui hata rafiki yake wa dawati moja. Halafu kuna waliopunguzwa mwaka mmoja ili wapokelewe darasa la kwanza. Hao mzazi hakwambii mpaka umuulize mkiwa wawili tu.

Usitibu zote kwa dawa moja.

Kama tofauti ni ya herufi, au jina moja limeachwa, kiapo cha majina mbele ya wakili mara nyingi kinatosha. Anayeapa ni mzazi au mlezi, mtoto bado hajatimiza miaka 18. Kiapo kitaje majina yote kwa tahajia zote zilizopo kwenye karatasi zote, siyo lile "sahihi" peke yake. Kila mtoto awe na kiapo chake. Nimeona mtu amekwenda na kiapo kimoja cha wanafunzi sita, amekigonga muhuri vizuri kabisa, akarudishwa. Na unakwenda na chenyewe, nakala inabaki kwenye faili.

Kama ni majina mawili tofauti kabisa, kiapo hakibebi mzigo huo. Hapo mzazi aone wakili kuhusu hati ya kubadili jina, na mwambie mapema kwamba huenda mtoto asiiwahi safari hii. Ni afadhali alie Machi kuliko alie Juni.

Kama kosa liko kwenye cheti chenyewe, hilo ni la RITA, wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Hapa watu hupoteza siku: wanakwenda ofisi ya wilaya wanakoishi, wakati kumbukumbu ya mtoto iko alikosajiliwa. Mtoto anasoma Moshi, lakini alisajiliwa Same, au Kinondoni mama yake alipokuwa akiishi mjini. Soma juu ya cheti ni wilaya gani kabla hujamtuma mzazi wa watu kupanda gari. Siku hizi kuna mfumo wa eRITA wa mtandaoni, na unaweza kuomba uhakiki wa cheti humo. Vile vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono nashauri vihakikiwe vyote, hata kama vinaonekana safi.

Asiye na cheti kabisa anaanza na usajili uliochelewa, kwa hiyo atahitaji ushahidi wa kuzaliwa kwake: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba. Kadi ya kliniki hiyo iko kwenye sanduku la bibi chini ya vitenge. Mwambie mtoto aifuate wikiendi, asipige simu.

Sasa, ukilazimika kusawazisha, usawazishe kuelekea wapi? Mimi husema fuata cheti cha kuzaliwa. Lakini fikiria na cheti cha kidato cha nne. Jina atakaloandikishiwa mtihani ndilo atakalolibeba chuoni na kwenye maombi ya mkopo, na kulibadilisha baada ya mtihani ni shughuli nyingine. Mtoto wa kidato cha pili bado ana nafasi ya kunyoosha mambo. Wa kidato cha nne mwezi wa tano, mwache na kiapo chake. Na barua ya shule ya kumtambulisha itaje majina yote mawili: "ambaye pia ni".

Jambo la mwisho kwenye majina ni wazazi. Watu hunyoosha ya watoto wakadhani wamemaliza. Mama mmoja alikaa kwenye benchi la ofisi tangu saa mbili asubuhi hadi inafungwa, karatasi za mwanawe hazina doa, kwa sababu yeye kwenye NIDA ana jina la mume na kwenye cheti cha mtoto ana jina la baba yake. Cheti cha ndoa kingemaliza neno dakika tano, lakini kilikuwa nyumbani Uru. Ndiyo maana kaunta buku ina safu ya NIDA.

4. Pasipoti au hati ya dharura

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi hatumo, kwa hiyo mtoto anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Zote zinaombwa Uhamiaji: fomu inajazwa mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unachapa, unapeleka na viambatisho, na mtoto anafika mwenyewe kwa alama za vidole.

Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Hati ya dharura ni nafuu sana na kwa Kenya inatosha. Kuna walimu wanaolazimisha pasipoti kwa wote ili foleni mpakani iwe ya namna moja. Sikubaliani nao. Mzazi anayeuza ndizi Mbuyuni akishalipa mchango wa safari, umwongezee na hiyo? Mwenye uwezo achukue pasipoti, ataitumia tena. Wengine wachukue hati, na hakuna mtoto atakayeulizwa kwa nini yake ni karatasi.

Fomu zijazwe shuleni, wewe ukiwa umeshika kaunta buku. Usiwaachie wazazi waende stendi kujaziwa na kijana wa steshenari. Anajaza haraka, anajaza kwa kusikia, na "Lyimo" inakuwa "Limo".

5. Barua ya wazazi

Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Jina la mtoto kama lilivyo kwenye hati yake, wapi anakwenda, tarehe ya kutoka na kurudi, mwalimu anayeongoza, namba mbili za simu. Saini za wazazi wote wawili pale wanapokuwepo. Aliyefiwa aambatishe nakala ya cheti cha kifo. Anayelelewa na bibi au mjomba apate barua ya mtendaji inayosema hivyo. Siyo urasimu: maafisa wa mpakani wanatafuta watoto wanaosafirishwa kwa biashara haramu, na basi lililojaa watoto wasio na wazazi ndilo wanalopaswa kuliuliza maswali.

Barua zisainiwe kwenye kikao cha wazazi, mbele yako. Za kutumwa na mtoto hurudi na saini zinazofanana mwandiko na insha zake.

6. Chanjo na dawa

Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukichanja Jumatatu ukasafiri Ijumaa, una kidonda cha bure. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi, kwa hiyo aliyewahi kuchanjwa hahitaji kurudia. Na usidhani kwa kuwa Kenya ni jirani hutaulizwa. Kuulizwa zaidi ni wakati wa kurudi.

Chanjo hii haimfai kila mtu. Mwenye mzio mkali wa mayai au kinga iliyoshuka sana aonane na daktari kwanza, na daktari akiona asichanjwe atampa barua ya msamaha. Hapa tumia akili. Usisimame mstarini ukauliza nani ana tatizo la kinga. Tangaza kwamba kila mwanafunzi atamwona muuguzi peke yake, wote, mmoja mmoja, dakika zilezile. Anayetumia dawa za kila siku atasema mle ndani. Dawa zake azibebe mwenyewe kwenye begi la mkononi, za siku zote za safari na akiba juu, na anayejua awe matroni peke yake.

Watoto wa Kibosho na Marangu hawajazoea mbu wa pwani. Vyandarua, na uliza mahali pa kulala kama vipo kabla ya kulipa.

7. Gari, fedha, mizigo

Kodi basi ambalo dereva wake huvuka mara kwa mara. Basi la shule ni la bure, lakini utakwenda kutafuta bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka, na kibali cha gari kuingia Kenya, na wanafunzi wako juani Taveta. Hela ya mfukoni akae nayo mwalimu, abadilishe mara moja, agawe kidogo kidogo. Mifuko ya rambo iishie nyumbani: Kenya waliipiga marufuku 2017, sisi 2019, na bado kila safari kuna mtoto aliyefungiwa maandazi ndani yake. Kagua mabegi kabla ya kupakia.

8. Mpakani

Kituo cha Holili na Taveta ni cha pamoja. Ukienda Kenya unapita Holili na kushughulikiwa Taveta, kutoka na kuingia kwa pamoja. Ukirudi, kila kitu ni Holili. Mwambie dereva, maana wapo wanaosimama upande usio wao na kuwashusha watoto bure.

Pasipoti na hati zikae kumikumi zimefungwa kwa raba, kwa mpangilio wa orodha, kila fungu na mwalimu wake. Watoto wapange foleni kwa mpangilio huohuo. Kila mmoja anakabidhiwa yake anapolifikia dirisha, akitoka anairudisha.

Wiki moja kabla, fanyeni mazoezi darasani. Mwalimu mmoja awe afisa, akunje uso. "Unaitwa nani? Unakwenda wapi? Umekuja na nani? Unarudi lini?" Jina atakalojibu ni lile la kwenye hati, yote matatu, siyo la kuitwa bwenini. Utashangaa. Kijana hodari wa mdahalo, akikaziwa macho, anajibu "naenda kwa mjomba". Darasani wenzake watacheka mpaka wakae chini. Taveta jibu hilo litawaweka nje ya ofisi hadi jioni. Mrudie huyo mara tatu, na siku ya safari asiwe wa kwanza kwenye foleni.

Mkirudi, hesabuni watoto Taveta kabla ya kupanda na Holili baada ya kugongewa mihuri, kadi za chanjo zikiwa mkononi tayari. Hati usiwagawie ndani ya basi. Mkabidhi mzazi mwenyewe shuleni, asaini kwenye kaunta buku mbele ya jina la mwanawe. Asiyefika siku hiyo, hati inalala kwenye kabati la mkuu wa shule mpaka aje.