Somo: Kuyatambua mafunjo na kuyakata bila kuyaua

Wengi wakifika kinamasi cha Dunga au cha Yala, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, kila kilichosimama majini hukiita matete. Mafunjo si matete. Ni ndugu wa ile ndago inayokusumbua shambani.

Hatua ya 1. Shika bua ulizungushe vidoleni. La mafunjo lina pembe tatu, ni laini, na halina pingili toka chini hadi juu. La tete ni la mviringo, lina pingili kama mwanzi. Likate la mafunjo uone ndani: moyo mweupe, mwepesi, umejaa vijitundu vya hewa. Hewa hiyo hushuka mpaka mizizini, kwenye tope ambalo halina hewa. Ukishika hili la pembe tatu, hutakosea tena.

Hatua ya 2. Tazama juu. Kichwani kuna shada la nyuzi za kijani, na maua yako kwenye nyuzi hizo: madogo, ya hudhurungi, hayana petali. Bua lililokomaa hufika hata mita 4 au 5.

Hatua ya 3. Angalia mahali. Hupenda maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyotulia: Dunga, Yala, kandokando ya Ziwa Kanyaboli. Mashina yake ya chini hulala na kufungamana, mara nyingine yakawa zulia linaloelea. Usilikanyage bila mwenyeji.

Hatua ya 4. Ukitaka ya mikeka, kata yaliyokomaa tu, juu ya maji, uache machipukizi. Kisha pahame pale karibu mwaka mzima. Na tafadhali, msichome! Kiangazi maji yakipungua, moto hufika hadi shina la chini. Tena kuna ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, Laniarius mufumbiri, ambaye makao yake ni mafunjo. Yakiisha, hana pa kwenda.

MASWALI

Mwalimu, naweza kupanda kwenye kidimbwi changu Kakamega?
Ndiyo. Chukua kipande cha shina la chini chenye chipukizi, ukizike kwenye tope lenye maji mwaka mzima.

Niko Nakuru. Mbona ziwani hapa sijayaona?
Maji ya Ziwa Nakuru yana magadi, mafunjo hayayawezi. Hapo utakuta ndugu yake mfupi, Cyperus laevigatus, anayestahimili magadi. Mafunjo yenyewe yatafute Naivasha.