Ruta ya MikroTik: kufunga njia za usimamizi bila kujifungia nje

Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Mwingine akiuliza, mtumieni hapa.

1. Sasisha RouterOS, mfumo unaoendesha ruta. Tundu la 2018 la Winbox (programu ya kusimamia ruta kutoka kwenye kompyuta), lililomwezesha mtu kusoma nywila bila kuingia, lilizibwa kwenye 6.42.1. Ukishasasisha, badilisha nywila pia. Ya zamani huenda ilishasomwa.

2. Unda mtumiaji mpya wa kundi la full (ruhusa zote), ingia naye, ndipo ufute admin.

3. `/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl`. Zibaki ssh na winbox. Kuhamisha poti ya Winbox, 8291, kwenda namba nyingine ni kubadili namba ya nyumba huku mlango uko wazi.

4. Fayawoli, mnyororo wa input (yanayoingia kwenye ruta yenyewe). HAPA NDIPO WATU WANALIA. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini: kwanza accept (ruhusu) ya established,related (miunganisho iliyokwisha kuanza na inayohusiana nayo), kisha accept ya anwani unayotumia kusimamia ruta, drop (zuia) ya ether1 (upande wa intaneti) iwe ya mwisho. Ukisahau ya pili, hutagundua papo hapo, maana dirisha ulilofungua tayari ni established, linaendelea kama kawaida. Unalifunga kwa raha zako, halafu huwezi kuingia tena. Wewe uko Njiro, Arusha, ruta iko lodge ya Karatu: andaa nauli. Kwa hiyo bonyeza Safe Mode (hufuta mabadiliko yako muunganisho ukikatika) kabla ya kugusa chochote, na usiitoe mpaka dirisha la pili limeingia upya.

5. MAC-Winbox, yaani kuingia kwa anwani ya MAC (ya kifaa chenyewe) badala ya IP, haikaguliwi na fayawoli ya IP. Iruhusu kwenye poti ya fundi tu, si kwenye Wi-Fi ya wageni.

Maswali yaliyokuja, na jibu langu chini ya kila moja:

Mkuu, weka amri zote nikopi.
Hapana. Ether1 yangu huenda ndiyo LAN (mtandao wa ndani) yako. Rudia hatua ya 4.

Nimeshajifungia, Safe Mode sikubonyeza.
Imeandikwa juu. Chomeka waya upande wa LAN, Winbox, Neighbors, bofya MAC, si IP.

Shikamoo kaka. Niko Moshi, ruta inatumia laini ya simu. WireGuard (VPN ya kuifikia ruta kutoka mbali) haipokei kabisa, shida nini?
Marahaba, umeuliza vizuri. Tazama IP ambayo ruta imepewa. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10 kisha nukta, mko wengi nyuma ya IP moja ya umma, na wa nje hawezi kuanza kukufikia. Kodi seva ndogo yenye IP ya umma, ruta ndiyo ianze kuitafuta, persistent-keepalive (kijipakiti cha kuweka njia wazi) kila sekunde 25. Lazima iwe RouterOS 7.

Hiyo keepalive haitamaliza bando?
Haifiki MB 1 kwa siku. Bando linaliwa na Winbox ukiiacha wazi na grafu zinacheza.