Ukitaka kuhamia ndani ya jahazi Lamu, anza na pa kutia nanga

Ukitaka kuishi ndani ya jahazi hapa Lamu usianze kutafuta chombo, anza kutafuta pa kukiweka. Chombo utakipata tu, mafundi kijijini Matondoni wapo na wauzaji hawakosi, lakini pa kukaa ndo kazi, manake nyumba ya kuhama nayo lazima ihamie mahali na hapo mahali pana wenyewe.

Angalia Marekani. Zile nyumba zao za magurudumu zilianza kama trela za kupigia kambi miaka ya 1920, vita vya pili vikaja wafanyakazi wa viwanda vya silaha wakawekwa humo kwa kukosa nyumba, alafu mwaka 1954 Elmer Frey wa Wisconsin akatoa za upana wa futi 10, hizo sasa hata kuzivuta barabarani ni shughuli, basi zikawa nyumba za kukaa moja kwa moja, na 1976 serikali ikaziwekea viwango vya ujenzi. Lakini wengi nyumba ni yao ardhi wanakodi, mwenye ardhi akipandisha kodi wamekwama, kuhamisha ni gharama kubwa mno. Mi hili linaniuma kweli, mtu ana nyumba na hana pa kuiweka.

Sisi chombo chetu kinang'oa nanga na kinaondoka. Wavuvi wa Kibajuni hawakuanza jana kwenda dago, yaani kambi za uvuvi, wanafuata samaki kwa msimu, wanalala chomboni au kwenye vibanda vya makuti, ila hawashuki ufuo wa watu bila hodi. Na wewe fanya hivyo hivyo. Nenda baada ya alasiri wazee wakiwa wamekaa, toa salamu, sema "wazee wangu, nataka kuweka chombo changu hapa, mwanielekeza wapi?" alafu sikiliza. Watakuambia jiwe liko wapi, boti za abiria zapita wapi, nyavu za nani zatandwa wapi.

Kisha nenda ukajionee mwenyewe siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mida ya saa nne asubuhi maji yakiwa yamepwa kabisa. Hapo bahari imeshuka kama mita 3 na chini pote panaonekana. Unatafuta mchanga tambarare. Jahazi likikaukiwa juu ya mchanga na ukaliwekea gadi, yaani nguzo za kuliegemeza, pande zote mbili halina neno, likikalia jiwe mataruma, zile mbavu zake za mbao, yatavunjika. Angalia pia kusi, upepo wa kutoka kusini, ule mwezi wa sita na wa saba, upande wa Shela maji yanachafuka wakati huku ndani karibu na mikoko kumetulia, japo mbu wa mikokoni si mchezo kwa hivyo neti lazima.

Chombo chenyewe sasa. Kila asubuhi kabla ya chai fungua ngama, pale chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, uchote maji, na uangalie ni mengi kuliko jana au la, maana hiyo ndo itakuambia hali ya mbao mapema. Chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu kitavuja siku za mwanzo mpaka mbao zivimbe, usipaniki. Kikiendelea mwite fundi akalafati, anatia pamba yenye mafuta kwenye nyufa anaigongea pole pole kwa patasi mpaka sauti ya nyundo inabadilika, hapo anajua imeshiba. Chini kunapakwa deheni, mafuta na chokaa, ila kabla ya hapo chombo kinapandishwa, kinakwanguliwa, alafu kinapitishiwa moto wa makuti ubavuni kuua wadudu wanaotoboa mbao. Moto unapita tu, hausimami mahali pamoja! Kazi hii usiiruke hata kama mfuko umekauka, bora uahirishe solar.

Jiko la makaa liweke ndani ya sanduku la bati lenye mchanga, huko tezi, yaani nyuma, kwa sababu chombo kikiwa nangani mara nyingi omo, yaani mbele, inatazama upepo na moshi unaenda zake nyuma. Mkondo wa maji ukiwa na nguvu chombo kitageuka, basi subiri kidogo au usogeze jiko. Maji ya kunywa madumu ya lita 20, uyafunge yasitembee. Turubai zuri juu, la sivyo jua la kaskazi litakutoa humo. Choo tumia ndoo ya mfuniko na mwaga nchi kavu chooni, watoto wanaogelea hapo.

Leseni ya chombo na maboya ya kujiokolea hakikisha viko sawa. Na kabla hujatoa hela muombe mwenye chombo ulale humo usiku wa bamvua, familia yote kama mtahamia wote, maji yapwe na yajae mkiwa ndani, alafu asubuhi mfungue ngama pamoja naye ndo mzungumze bei.