Jinsi ya kukagua seli za polisi: mwongozo kwa anayeanza kazi hii

Ukiingia seli ya polisi ukakuta sakafu bado imelowa na dawa ya choo inakuwasha macho, ujue kuna aliyepiga simu kwamba mnakuja. Usivunjike moyo. Sakafu haitakuambia mengi siku hiyo, basi tegemea vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvisafisha: rejista, viatu, ndoo, na jinsi watu wanavyotembea.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wanaoanza ukaguzi huru wa mahali wanapozuiliwa watu, hasa vituo vya polisi na rumande za Kenya, ninakofanyia kazi. Walio Tanzania, Kongo, Burundi au Rwanda watabadilisha majina ya sheria na fomu, lakini mambo mengi watayatambua.

Kazi yenyewe ni kuzuia. Mpelelezi huja mtu akishaumizwa. Sisi tunaingia mapema, tena na tena, ili mwenye rungu ajue kwamba wiki hii au ijayo mtu wa nje atasimama pale pale na kuuliza maswali. Wazo hili lilisukumwa miaka ya 1970 na Mswisi Jean-Jacques Gautier, aliyeona Msalaba Mwekundu ukiwatembelea wafungwa wa vita akauliza mbona wafungwa wengine wasitembelewe vivyo hivyo. Desemba 2002 Umoja wa Mataifa ukapitisha Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Mateso, inayoweka ukaguzi huru wa mahali wanapozuiliwa watu, nayo ikaanza kutumika 2006. Kongo ilijiunga nayo 2010, Burundi 2013, Rwanda 2015. Sisi Wakenya sababu ya kazi hii tunayo katikati ya jiji letu la Nairobi: vyumba vya mateso vya Nyayo House vya miaka ya 1980 viliendelea kutumika kwa kuwa hakuna mtu wa nje aliyeweza kufika mle na kutoka kusema alichokiona.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa mamlaka gani

Kenya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, IPOA, inapewa na Sheria Na. 35 ya 2011 kazi ya kukagua majengo ya polisi pamoja na seli zake. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu nayo ina mamlaka yake, na mahakimu wana yao kwa upande wa magereza. Kama unatoka shirika la kiraia, unaingia kwa barua ya ruhusa, na barua hufutwa. Soma barua yako mara mbili kabla ya kutoka nyumbani: inataja seli zote au sehemu tu? Inaruhusu mazungumzo ya faragha?

Chapisha Kanuni ya 84 ya Kanuni za Nelson Mandela za 2015, uiweke mfukoni. Kanuni hizo ni za wafungwa na mahabusu, na hapo zinasema wazi kwamba mkaguzi ajichagulie pa kwenda, aje bila kutoa taarifa, ajichagulie wa kuzungumza naye, na azungumze naye faraghani. Nimeshuhudia karatasi hiyo ikimaliza ubishi wa nusu saa mlangoni.

Usiende peke yako. Muwe wawili au watatu, mmoja awe mwanamke, na mkipata daktari au muuguzi, safari yenu imepata macho.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama haiko kazini, polisi wana hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kuna kamatakamata ya Ijumaa: mtu akichukuliwa Ijumaa jioni, Jumatatu ni mbali. Nenda Jumapili alasiri, au Jumatatu kabla ya jua kuchomoza, lori la mahakamani likiwa halijaondoka. Kituo kinachopendeza Jumatano saa nne asubuhi huwa kingine kabisa Jumapili usiku.

Hatua ya 3: Mkubwa wa kituo kwanza, kwa ufupi

Msalimu OCS, yaani mkuu wa kituo, jitambulishe, mweleze mtakachofanya na kwamba mtarudi kwake kabla ya kuondoka. Dakika 10 zatosha. Chai ukikaribishwa, shukuru na uombe inywewe mwishoni, maana chai ya mwanzo hurefuka, na wakati inaporefuka kuna watu wanahamishwa seli.

Usimchukulie kama adui. Askari mmoja wa zamu ya usiku anayelinda watu 40 peke yake, hajalala na hana mwenzake wa kumpokea, naye ni sehemu ya unachochunguza. Muulize kuhusu kazi yake. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kukuambia ukweli kuhusu choo, maji na chakula.

Hatua ya 4: Vitabu kabla ya watu

Omba OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, rejista ya seli na rejista ya vitu vya mahabusu, uvilaze pamoja juu ya meza. Fuata majina matano kutoka kitabu kimoja hadi kingine: aliingia saa ngapi, nani alimkamata, kwa kosa gani, alitolewa seli saa ngapi na akarudishwa saa ngapi. Huko kutolewa na kurudishwa kutazame sana. Mtu akitolewa saa tano usiku "kwa mahojiano" na saa ya kurudi haipo, andika swali.

Angalia na wino. Kituo kimoja nilikuta safu ya ukaguzi wa seli imejazwa siku saba mfululizo: kalamu moja, mwandiko mmoja, kila mstari saa kumi na mbili kamili asubuhi, ilhali ratiba ya zamu ukutani ilionyesha askari watatu tofauti wiki hiyo. Kitabu kile kiliandikwa kwa mkao mmoja. Sikubishana na mtu. Nilinakili mistari yote saba nikaendelea.

Kisha hesabu viatu. Kwetu mahabusu huvua viatu na mshipi kabla ya kuingia seli. Siku ile ile rejista ilikuwa na majina 11, na nje ya mlango wa seli kulikuwa na jozi 14. Watatu waliosalia walikuwamo ndani bila jina popote. Mtu asiyeandikwa ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa kuwa likimpata la kumpata, kitabu kitasema hakuwahi kufika. Hapo nilisimamisha kila kitu nikaomba waandikwe mbele yangu, kwa saa yao ya kweli ya kukamatwa.

Uliza pia kuhusu kamera: ziko ngapi, zinatazama wapi, picha zinahifadhiwa siku ngapi, nani ana ufunguo wa chumba chake. Juni 2025 Albert Ojwang' alipofariki akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo, na ikabainika kwamba kamera za kituo zilikuwa zimevurugwa. Swali la kamera liulizwe watu wakiwa hai.

Hatua ya 5: Ingia kila chumba

Kila chumba, pamoja na stoo, choo cha nje na ofisi "isiyotumika". Mlango uliofungwa uombewe ufunguo. Ufunguo usipopatikana, andika.

Pima kwa hatua zako. Jifunze nyumbani hatua yako ina urefu gani, kwa sababu futi ya kupimia huenda ikazuiwa getini. Seli ya mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba. Msalaba Mwekundu hupendekeza angalau mita 3.4 kwa kila mtu mahali pa kulala kwa pamoja, kwa hiyo chumba hicho ni cha watu watatu. Wakiwamo 14, kila mmoja amebaki na chini ya mita moja: nusu ya ubao wa mlango. Ukiandika "msongamano" msomaji atapita. Andika nusu ya ubao wa mlango.

Tazama mwanga, hewa, maji ya kunywa, ndoo ya haja na mahali ilipowekwa. Wanawake wako kwao peke yao? Kuna mtoto aliyechanganywa na watu wazima? Jedwali la 5 la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linakataza kuwachanganya wanawake na wanaume, au watoto na watu wazima.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Hapa ndipo unapoweza kumsaidia mtu au kumwangamiza.

Usimwite mtu mmoja. Ukimwita mmoja, jioni watamjia yeye. Mimi huchukua kila jina la nne kwenye rejista, nikaongeza mgonjwa, mgeni asiyejua lugha, na aliyekaa siku nyingi zaidi. Kila mmoja nampa muda ule ule, dakika 15, hata aliyesema "sina la kusema" dakika ya kwanza. Huyo tunakaa naye tukizungumzia kwao, mvua, mpira, hadi dakika 15 ziishe. Askari anayehesabu saa kwa mbali asiweze kujua nani alifungua mdomo.

Mahali pawe pa kutosikika. Kuonekana si tatizo. Kituo kimoja cha Pwani tulikuwa tukikaa chini ya mwarobaini uani, askari akatuona kutoka barazani bila kushika neno. Simu iwe ndani ya mkoba.

Anza kwa kusema wewe ni nani na nini huwezi. "Siwezi kukutoa. Siwezi kukuahidi kesi itaisha. Naweza kuandika unachotaka niandike, na kuacha usichotaka." Kisha uliza ruhusa ya aina tatu, moja baada ya nyingine: nikisema kituo kina shida hii bila kukutaja, sawa? Nikisimulia kisa chako bila jina? Na kwa jina lako? Wengi husema ndiyo ya kwanza, hapana ya tatu. Heshimu hapana hiyo hata kama kisa chake ndicho kingetikisa nchi.

Maswali yawe wazi. "Nisimulie tangu ulipokamatwa" hufungua njia. "Walikupiga?" humpa mtu aliyeogopa nafasi ya kusema la.

Kijana mmoja alinijibu kila kitu kwa neno moja: "Tuko sawa, mama." Chakula? Tuko sawa. Maji? Tuko sawa. Lakini alipokuwa akija chini ya mti nilimwona anakanyagia kingo za nje za nyayo, kama mtu anayetembea juu ya kokoto za moto. Sikumuuliza. Nilisema tu kwamba mwenzangu ni muuguzi na anawatazama miguu wote wenye malengelenge, akitaka apite kwake. Alipita. Nyayo zote mbili zilikuwa zimevimba, rangi ya zambarau. Tuliwatazama miguu wengine sita siku hiyo, kwa makusudi, ili yake isiwe peke yake.

Andika kwa namba, jina liwe kwenye karatasi nyingine inayokaa mfuko mwingine.

Hatua ya 7: Majeraha

Kama huna taaluma ya afya, eleza unachoona tu. Mahali gani mwilini, ukubwa gani ukilinganisha na sarafu ya shilingi 20, rangi gani, umbo gani, na mwenyewe anasema lilitokea lini na kwa kitu gani. Pigo la fimbo au waya mnene mara nyingi huacha mistari miwili sambamba yenye ngozi iliyopauka katikati, kama reli. Ukiiona, ichore kwenye daftari. Neno "aliteswa" mwachie daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza na kurekodi mateso. Wewe andika kwamba alama inalingana, au hailingani, na maelezo yake. Akikubali, hakikisha anafika hospitali siku hiyo hiyo na fomu ya P3, ile ya polisi ambamo daktari huandika majeraha, inajazwa. Michubuko huanza kufifia baada ya siku chache.

Hatua ya 8: Kurudi kwa OCS

Ya dharura yaseme papo hapo: mgonjwa, mtoto, mtu asiyeandikwa, aliyepitisha saa 24. Mengine yaseme kupitia kile ulichokiona kwa macho yako au kukisoma vitabuni. Jambo ambalo mtu mmoja tu angeweza kulijua, lisiseme hapo kamwe, hata kama limekuchoma moyo. Kabla ya kulitamka jiulize: akisikia hili, atamfikiria nani?

Hofu hii ni ya kweli. Oktoba 2017 Kamati Ndogo ya Umoja wa Mataifa ya Kuzuia Mateso ilisimamisha ziara yake Rwanda, ikataja vizuizi ilivyowekewa na wasiwasi kwamba waliohojiwa wangelipiziwa kisasi. Ikiwa hao, na hadhi yao yote, walilazimika kuondoka, nawe usione haya kukatiza ziara pale unapoona kuendelea kutawaumiza watu.

Hatua ya 9: Ripoti

Iwe fupi, na itoke ndani ya siku 14. Kila pendekezo litaje nani, afanye nini, lini. "Mazingira yaboreshwe" halimfungi mtu yeyote. "OCS ahakikishe rejista inaonyesha saa na jina la askari kila mahabusu anapotolewa na kurudishwa seli, kuanzia leo" laweza kukaguliwa.

Hatua ya 10: Rudi

Rudi bila taarifa, ndani ya wiki mbili ukiweza. Kabla ya choo, kabla ya rangi mpya ya ukuta, waulizie watu uliozungumza nao, wakiwa wamechanganywa na majina mengine ambayo hukuzungumza nayo. Aliyepo, zungumza naye tena faraghani, umuulize nini kilitokea baada ya gari lenu kuondoka. Asiyekuwepo, tafuta kwenye rejista alikopelekwa, tarehe na saa. Kama ni rumande, nenda siku hiyo hiyo, uombe kumwona kwa macho. Usikubali kuambiwa kwa simu kwamba yuko salama. Kama rejista inasema aliachiliwa, ipigie familia yake simu ukiwa bado uani kwa kituo, ikiwa alikuruhusu. Kama rejista haisemi kitu, usiondoke hapo. Mwite OCS, mpigie mkuu wako, na anza kuandika saa.