SOMO: Kukodi mashua ya tanga na kupiga snokeli Ghuba ya Menai, Unguja

Wakuu habari zenu. Kaskazi inakaribia, watu wameshaanza kupanga tripu za Unguja na meseji ninazopata karibu zote zinaanza na bei, mashua ya siku nzima shilingi ngapi, tukiwa watu kumi shilingi ngapi. Jamani bei iacheni kwanza. Anza na mwezi. Ukishajua mwezi uko wapi siku hiyo unajua maji yatakuwaje, na ukijua maji unajua saa ya kutoka, saa ya kuingia matumbaweni, saa ya kula na saa ya kurudi, mengine yote yanafuata hapo. Naelezea Ghuba ya Menai, ule upande wa kusini magharibi ya Unguja kuanzia Fumba mpaka Kizimkazi, kwa sababu visiwa vyake vimekaa karibu karibu, Kwale, Pungume, Nianembe, chombo cha tanga kinazunguka siku moja bila kukimbizana.

HATUA YA 1: MSIMU

Kaskazi inavuma Desemba mpaka Februari, mara nyingine inaingia Machi, na hapo Menai inakuwa imekingwa na kisiwa chenyewe, maji yametulia na unaona chini vizuri. Kusi ikishika, Juni mpaka Septemba, upepo unaingia ghubani moja kwa moja maana ghuba imefunguka upande huo huo, mawimbi yanapanda na maji yanakuwa baridi kidogo, nyuzi 25 au 26 hivi wakati kaskazi yanapita 28. Safari za kusi zipo, ila mtoke mapema upepo haujachangamka. Aprili na Mei ni masika, msijisumbue.

HATUA YA 2: MAJI (hapa msiruke)

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku zinazofuata hapo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Sasa kwa Unguja kuna mpangilio ambao ukiushika hutasumbuka tena: siku za bamvua maji yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni, siku za maji mafu ni kinyume chake, yanajaa asubuhi ile saa nne na kupwa jioni. Katikati ya hapo kila siku inayopita saa inasogea mbele karibu dakika 50.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kama mnataka lile fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari mnaloona kwenye picha za watu, basi mnataka bamvua, kwa sababu asubuhi fungu linakuwa limetoka nje lote, watoto wanacheza, mnapiga picha zenu. Lakini bamvua hiyo hiyo ina mkondo mkali maji yanapoanza kujaa na mgeni akiwa na snokeli (ule mrija wa kupumulia uso ukiwa majini) anaweza kujikuta amepelekwa mbali na chombo bila kuhisi chochote kwa sababu uso uko chini anaangalia samaki. Kama kundi lenu lina wanaojifunza, chagueni maji mafu. Fungu linaweza lisitoke vizuri, sawa, ila mkondo ni mdogo na mtakaa matumbaweni kwa raha. Na siku yoyote ile saa nzuri ya kuingia ni maji yakikaribia kujaa mpaka yanaposimama, maji yanayoingia yanatoka bahari kubwa na ni masafi, yanayotoka yanabeba mchanga na tope la mikokoni. Ile sehemu ya mikoko pale Kwale nayo raha yake ni maji yakiwa yamejaa.

Jedwali la maji lipo kwenye simu, lipitie, halafu mpigie nahodha umuulize siku fulani maji yanajaa saa ngapi. Akikujibu palepale umepata mtu.

HATUA YA 3: CHOMBO NA NAHODHA

Ngalawa ni nyembamba, ina ndubi pembeni, yaani zile mbao za kuizuia isipinduke, ni ya watu wachache. Kwa kundi chukueni mashua, tena yenye tanga na injini ya nyuma kwa sababu upepo ukifa au ukiwapinga jioni hamtaki kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, mpaka usiku na watoto ndani. Kabla ya kutuma hela yoyote uliza haya yote: chombo kimeruhusiwa watu wangapi, laifu jaketi ziko ngapi na za watoto zipo, ada ya hifadhi imo kwenye bei au tunalipa wenyewe (Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997), chakula kimo, miwani na snokeli zimo, hali ya hewa ikiharibika tunahamisha siku au hela imeenda. Na uliza kama kuna ngazi. Watu wengi hawaiwazi kabisa, kuruka majini ni rahisi, kupanda chomboni mikono imechoka ndio shughuli.

Pia lazima abaki mtu chomboni anayewaangalia nyinyi tu mkiwa majini. Sio anayekaanga samaki, mwingine.

Laifu jaketi sibishani na mtu. Sisi tunaokumbuka meli ya Spice Islander ilivyozama kule mkondo wa Nungwi Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mwaka uliofuata meli ya Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, hatuwezi kuambiwa "leo bahari shwari, vaeni mkifika". Mnavaa mnapopanda. Ukihesabu jaketi ukaona hazitoshi, hamtoki, hata kama mmetoka Dar na boti ya alfajiri na kila mtu amenuna.

HATUA YA 4: ZOEZI NYUMBANI

Kama una miwani yako jaribu hivi: iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta hewa kwa pua, ikigandia imekukaa, ikidondoka tafuta nyingine. Nywele zikiingia chini ya raba maji yataingia, kwa hiyo dada zangu wenye rasta na nywele za kusuka zifungeni nyuma kabisa, na wenye masharubu pakeni vaselini kidogo. Mate ndani ya kioo halafu suuza, ukungu hautaingia. Kisha tafuta maji ya kifuani, pwani au bwawani, ukae dakika kumi unapumua kwa mdomo tu, polepole, mpaka mwili ukubali. Kuzoea hilo kwa mara ya kwanza kwenye kina cha mita 5 ndiko kunakoleta hofu, na mwenye hofu anasimama juu ya matumbawe.

HATUA YA 5: BEGI

Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, kofia ya kufunga, viatu vya raba maana maji yakikupwa mtatembea juu ya miamba, kanga au taulo, nguo kavu kwenye mfuko usioingiza maji, kitambulisho, keshi kidogo. Mfuko wa plastiki acheni, Zanzibar umepigwa marufuku siku nyingi. Jua msilichezee hata kama ngozi yetu nyeusi, mgongo unaungua ukielea saa nzima. Bora zaidi ni shati la mikono mirefu, na losheni ikibidi iwe ya zinki, zile zenye kemikali ya oksibenzoni zinadhuru matumbawe na Hawaii na Palau walishazipiga marufuku.

Mkifika majini: usiguse, usisimame, usiokote. Tumbawe lile la duara kama kichwa linakua sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo lenye upana wa meza limeanza miaka mingi sana iliyopita, na teke moja la pezi la mguuni linalijeruhi. Matumbawe yalishapigwa na joto la bahari 1998 na tena 2016, tusiyaongezee na miguu yetu. Inaniuma sana kuona mtu kasimama juu yake ili apigwe picha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi sijui kuogelea kabisa, niende au nibaki fungu la mchanga?
Jibu: Nenda ila vaa laifu jaketi muda wote, utaelea na utaona kila kitu vizuri tu maana matumbawe mengi hayako chini sana. Mwambie nahodha mapema akupe baharia wa kukushika mkono au boya lenye kamba. Usijifanye unajua.

Swali: Bahari inanilevya vibaya, hata boti ya Dar natapika.
Jibu: Pole dada. Famasia zipo dawa, meza kabla ya safari sio ukishaanza kuumwa, nyingine zinaletea usingizi kwa hiyo uliza. Kula kitu chepesi, usiondoke na tumbo tupu, tafuna tangawizi, kaa katikati ya chombo macho mbali kule bahari inapokutana na mbingu, simu weka kando. Ukizidiwa sogea upande wa demani, ule upepo unakoelekea, ukitapikia goshini, kule upepo unakotoka, unayarudisha matapishi kwa wenzako.

Swali: Navaa hijabu, naweza kuingia majini na nguo gani?
Jibu: Burkini au leggings na shati refu la kubana, za kitambaa cha kuogelea. Dera au baibui hapana, likilowa linavuta chini na linazinga miguuni. Na hili ni la wote, Fumba na Kizimkazi ni vijiji vya watu wenye staha, mkipita hapo jifungeni kanga, na mwezi wa Ramadhani msile mbele za watu mchana.

Swali: Tunataka kuogelea na pomboo, nahodha kasema atatupeleka.
Jibu: Muombe asiwakimbize. Zamani Kizimkazi pomboo waliwindwa wawe chambo cha papa, utalii ndio uliowaokoa, sasa asubuhi unakuta boti nyingi zinawazunguka hawapati hata kupumzika. Zima injini, kaeni mbali kidogo, wakitaka watakuja wenyewe. Wakiondoka waacheni.

Swali: Shemeji yangu anatoka Ujerumani, kuna kitu cha ziada?
Jibu: Ndiyo, tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar, dola 44, hata kama ana bima ya kwao. Akate mtandaoni kabla hajafika.

Swali: Ukikanyaga vile vidude vyeusi vya miiba mirefu unafanyaje?
Jibu: Toa miiba inayotoka kirahisi, usichimbe na sindano humo chomboni. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nusu saa mpaka saa moja na nusu, maumivu yanashuka. Muombe mpishi achemshe, jiko lipo, ila ajaribu mwingine kwa mkono kwanza kwa sababu mguu wenye maumivu hausikii moto vizuri. Ikiwa imeingia kwenye kiungo, au unavimba na kupumua kwa shida, geuzeni chombo mwende hospitali.